Kizibo cha Gunzi

Wamezipanga ukumbini Nyamanoro,
meza kumi na nne, vitambaa vya kuazima harusini,
kiingilio elfu mbili, mtoto bure
asipogusa.
Sikujua wako watu
wanaokusanya chupa na wasizipeleke kwenye kilo.

Bwana Nkwabi, mstaafu wa reli,
ananipa moja kama anayenipa kifaranga.
"Fuata mshono kwa ukucha.
Ukipanda hadi mdomoni, chupa ya juzi hiyo.
Ukiishia shingoni, basi mdomo ulitiwa kwa mkono,
na mwenye mkono huo alishaoza."
Nikaufuata. Ukapotea shingoni.
Nikarudia, kama niliyedondosha sindano.

Meza ya Nyamisango ni ya chupa za gololi,
soda za enzi ile: uibonyeze kwanza, ndipo unywe.
"Zimebaki chache," anasema, "watoto walizivunja
wapate gololi za kuchezea." Kisha, chinichini:
"Mimi mwenyewe tatu."
Anaitikisa. Kli. Kli.
Mfungwa aliyezoea.

Majura yeye huzitoa ziwani,
chini ya gati la zamani, kwenye tope
la meli ambazo hakuna tena anayezisubiri.
Zimepauka kama jicho la sangara aliyelala sokoni.
"Usizisugue," ananionya. "Ukungu huo ndio bei."
Anasema ziwa haliibi, hushika rehani tu.
Nje ya dirisha mawe yamebebana mlimani
bila gundi, bila kitambaa, bila kiingilio.

Yangu nimekuja nayo kwenye mfuko wa sembe.
Ya mama.

Siku hizo dawa ya kikohozi ilikuwa ya mwenye chupa;
asiye na chupa alirudi na kikohozi chake.
Hii ilikwenda zahanati maili tano, ikarudi tano,
ndani ya kapu, kichwani,
kwa ajili ya Kabula, yangu, ya Luhende, ya Shija.
Ubavuni ina mistari ya dozi, minane.
Mama hakujua kusoma; alishika kwa ukucha wa gumba,
akishuka mstari baada ya mstari.
Ya Shija iliishia mstari wa tatu.
Iliyobaki haikumwagwa.
Ilikauka yenyewe, kiangazi kizima.

Bwana Nkwabi anaigeuza kwenye mwanga.
"Rangi ya maji ya ufukweni. Mapovu mawili. Ufa hamna."
Ameanza kupumua kwa mdomo.
"Ila kizibo si chake."
Analichomoa gunzi kwa vidole viwili,
analiweka kando, kama mwiba wa samaki
pembeni ya sahani.
"Elfu arobaini. Hilo unaweza kurudi nalo."

Arobaini ni bati na misumari yake.
Jikoni kwangu kunavuja, na masika haya hapa.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.
Kisha nikalirudisha gunzi mdomoni. Likaingia
bila kulazimishwa.

Mlangoni, kijana wa chupa chakavu
na gunia lake, na mizani ya ndoano:
"Mama, hiyo hata nusu kilo haifiki."

Pima, nikamwambia.
Pima na gunzi lake.