Safu ya Saba

Daftari la wazazi lina safu sita:
jina, umri, kijiji, mimba ya ngapi,
saa ya kujifungua, uzito wa mtoto.
Ya saba niliichora mwenyewe, Aprili ile,
kwa kalamu nyekundu na ukingo wa boksi la glavu
(boksi lenyewe lilikuwa tupu)
nikaandika juu yake: Amefikaje?

Maana barabara ya Arua ilikuwa imelala chali,
kimya, kama mgonjwa aliyekatazwa kujigeuza.
Bodaboda, marufuku kubeba abiria.
Gari, marufuku bila barua.
Barua iko kwa mkuu wa wilaya,
na mkuu wa wilaya yuko kilomita thelathini na mbili
upande wa pili,
na uchungu haujui kupanga foleni.

Basi soma.

Ezaru, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza:
kwa miguu. Aliondoka jogoo la kwanza,
akishika kila nguzo ya umeme kama mkono wa dada.
Beseni kichwani; ndani wembe, pamba,
plastiki ya kulalia, kanga mbili.
Msichana. Kilo tatu na robo.

Munduru, mimba ya nne: toroli la matofali,
msukumaji shemeji yake, Anguyo.
Vumbi jekundu lilimganda mgongoni
hata nikadhani ni damu.
Sijawahi kulishukuru vumbi kama siku ile.

Asianzu: baiskeli, saa tano usiku, taa imezimwa.
Mumewe alichapwa fimbo mbili kizuizini,
akazihesabu kuwa nauli.

Nilikuwa na barakoa moja. Jioni naifua,
naianika dirishani,
asubuhi naivaa mbichi.
Hawakuuona uso wangu, mama wale.
Walizaa wakitazama macho mawili
na neno "sukuma" likitoka nyuma ya kitambaa.
Kwenye friji chanjo zilikaa zikisubiri watoto.
Surua haikuwa imefungiwa ndani.

Letaru, wa ng'ambo ya mto.
Machi nilimpapasa tumbo: mtoto ametanguliza makalio.
Nikamwambia, "Wewe usithubutu kuzalia nyumbani."
Akacheka. "Sista, siku hiyo utanikuta mlangoni."

Alikuwa aje Jumanne.
Jumatano nikatandika kitanda chake upya.
Alhamisi alikuja mama mkwe wake, peke yake,
mkononi ameshika barua.
Ilikuwa na muhuri.
Ilikuwa halali hadi Ijumaa.

Nimeliandika jina lake hata hivyo.
Umri, ishirini na sita. Mimba, ya tatu.
Saa, hakuna anayetaka kuniambia.
Safu ya saba niliwekea nukta ya kalamu,
nikashindwa kuiondoa kalamu,
wino ukapenya kurasa tatu.

Septemba akaja mkaguzi, mtu mpole,
gari lake lina kibandiko kiooni.
Akafunua kurasa kwa kidole chenye harufu ya spiriti,
akasimama penye ile nukta.
"Sista Bakoru, nani alikuruhusu kuchora safu hii?"
Nikamwambia nilitaka kuja kuomba ruhusa,
ila hapakuwa na usafiri.

Hakucheka. Wala mimi.
Nje mtoto wa Ezaru alipiga yowe,
ndiyo kwanza amechomwa sindano ya kwanza,
imechelewa miezi mitatu.
Nikachukua kalamu nyekundu mbele ya yule bwana,
nikaandika: mgongoni.