Ukuta wa Mkunazini

Nyumba ya marehemu Bi Zuwena,
ghorofa tatu, mlango wa misumari, choo kimoja.
Wajukuu wameiuza kwa simu,
na mnunuzi, ambaye hatujamwona,
ameikabidhi kwa watu wa London wanaopamba vyumba.
Mimi fundi chokaa. Nikaambiwa nisubiri michoro.

Ya kwanza ikaja imefungwa utepe.
Studio ya Bi Filipa: maua.
Maua ukutani, maua kwenye pazia,
maua ya kochi yakitazamana na maua ya zulia
kama mawifi waliokorofishana harusini.
Hata taa imevishwa marinda.
Karatasi tuliibandika Jumatatu, chumba cha kaskazini.
Ukuta ule ni wa matumbawe,
ulitoka baharini na haujaacha kunywa.
Ijumaa, watu wako msikitini,
mawaridi ya Uingereza yakaanza kushuka
moja moja, kwa heshima,
kama wageni wanaoondoka bila kuaga.

Akaja Bwana Juliani. Yeye hapendi kitu.
Kiti kimoja. Bakuli moja, tupu.
Alizunguka na viatu vyake mkononi,
na Kiswahili alichojifunza ni neno moja: toa.
Tukatoa kabati la mvule, tukatoa kitanda cha besera,
tukatoa saa iliyokufa kabla ya Mapinduzi,
sahani za kwenye daka tukazifunga kwa magazeti.
Ngwali, kijana wangu, akaninong'oneza:
"Kwetu Kwahani ndiyo kulivyo, fundi,
na hatukumlipa mtu."

Rangi zake zina majina. Ngwali husoma makopo:
Ukungu wa Alfajiri. Mfupa. Pumzi ya Kondoo.
Nikauliza nyeupe ni ipi.
Akanitazama kwa huruma.
Nasi tuna majina, nilitaka kumwambia,
damu ya mzee, maji ya kunde,
ila yetu ukiyataja
kila mtu anajua pa kuangalia.

Wa tatu walikuwa wawili, mke na mume,
dari nyekundu, nguzo za waridi,
chui wa kitambaa amejilaza kochini.
Chumba kisichokuchekesha, walisema, ni hospitali.
Hawa niliwapenda.
Walikunywa urojo wakatokwa machozi,
wakataka ukuta mzima uwe rangi ya urojo.
Lakini rangi yao ni ya plastiki.
Ukuta uliozibwa pua utafanya nini?
Ukavimba. Ukatoa malengelenge, kisha chumvi,
kisha usiku mmoja ukatema rangi yote sakafuni.

Mwiko ninao mkononi tangu nina miaka kumi na miwili,
na mwiko wenyewe ni huo:
usiuzibe ukuta.
Nani alimuuliza mwenye mwiko?

Bi Filipa alirudi peke yake, bila utepe.
Karatasi iliyosalia akaivua kwa kucha.
Chini yake, karibu na dirisha,
usawa wa mtu aliyekaa,
palikuwa na doa la duara, la kahawia, linang'aa kidogo.
Akalipigapiga picha. Akaweka vipande vyake vya rangi
kimoja baada ya kingine, vyote mia na ishirini.
Hakuna kilicholingana.
Akauliza rangi hii inaitwaje.

Mafuta ya nazi, nikamwambia.
Ni kichwa cha Bi Zuwena.
Aliegemea hapo kila alasiri akichambua mchele,
tangu alipofiwa na mumewe
mpaka walipomteremsha ngazi.

Akaandika. Sijui aliandika nini.
Mnunuzi bado hajaamua,
chokaa yangu imelala shimoni mwezi wa nne huu,
inazidi kuwa laini, haina haraka.

Makopo waliyoyaacha tumegawana.
Mlango wa jiko langu sasa ni Pumzi ya Kondoo.
Mke wangu kautazama, kakunja uso, kasema:
"Uji."