Mara ya Tatu

Torkild alibaki gatini na pampu yake,
mikono imejaa grisi, redio ikitaja upepo wa mashariki,
nguvu saba, kesho labda sita.
Nikaitoa baiskeli chini ya kitanda cha mashua,
ile ya kukunja, ya kijani, magurudumu kama sahani,
nikaifungua kiungo kwa kiungo
kama mtu anayemnyoosha mtoto aliyelala vibaya.

Siku nne baharini, na sasa ardhi ndiyo inayoyumba.
Njia imenyooka, mimi napinda.
Ng'ombe wawili walinitazama kwa subira ile
wapewayo walevi wa asubuhi.

Hvidø ni kisiwa cha kumalizwa kabla chai haijapoa:
kanisa jeupe, shule iliyofungwa,
bendera nyekundu yenye msalaba kwenye kila ua,
na mashamba ya shayiri yanayoteremka mpaka majini
bila kuomba ruhusa.
Kilima hakuna. Kuna upepo, nao ndio kilima.
Kwenda, nilikanyaga nikihema hadi masikio yakaziba;
kurudi nilikaa tu, koti limetuna mgongoni.
Upepo uliotunyima bahari ulinipa barabara.

Penye nyumba ya paa la matete palikuwa na kisanduku:
viazi vipya vyenye udongo wake, jamu, mayai sita,
bei kwa chaki, na kopo la sarafu lisilo na kufuli.
Sikuwa na sarafu. Nilikuwa na kadi,
na kadi mbele ya kopo ni maneno matupu.
Nikapita.

Magharibi kisiwa kinakonda, kinakonda,
mpaka kinabaki mkanda wa changarawe,
bahari kushoto imechafuka,
bahari kulia imetulia kama maziwa bakulini.
Nikasimama katikati, mguu mmoja chini.
Nilitaka kuwaza jambo kubwa.
Nikawaza mayai.

Mara ya pili yalikuwa manne.
Kuna aliyepita, nami sikumwona.
Nikainama, nikajifanya nakagua mnyororo.
Dirishani pazia likasogea, upana wa kidole.

Nikakimbilia makaburini, kwa aibu zaidi ya ibada.
Huko wafu wameandikwa pamoja na kazi zao:
nahodha, mwalimu, mhunzi, mke wa nahodha.
Langu lingesomekaje?
Aliyepita. Aliyepita tena.

Mara ya tatu, juu ya katoni, chini ya jiwe,
kipande cha bahasha ya benki, mwandiko umeinamia kulia:

*Wewe wa baiskeli ya kijani,
yamebaki manne. Chukua.
Utalipa ukipita tena, na utapita,
hakuna njia nyingine.
Gudrid*

Niliinua mkono kuelekea dirishani.
Pazia likatulia, kama halijawahi kusogea maishani mwake.

Yai moja lilivunjika nilipogonga ubao wa gati.
Matatu tuliyakaanga, Torkild akala mawili,
akasema pampu imepona, akasema kesho alfajiri tunang'oa,
upepo ukiwa nne tu.
Nikasema, ningoje kidogo.
Akasema, kwa sababu ya mayai?
Nikasema, ndiyo.

Saa kumi na moja, umande, viatu vimelowa.
Mfukoni nilikuwa na akiba yetu yote ya sarafu,
zile zenye tundu katikati,
tulizoziweka kwa ajili ya bafu la bandarini.
Ya kwanza ililia kopo zima,
kunguru akaruka kutoka kwenye dohani.
Nyingine niliziteremsha kwa vidole, moja moja,
kama mwizi anayerudisha.

Sikutazama dirisha. Nilipiga kengele, mara moja tu,
nikageuza.

Mchana, Hvidø ikiwa mstari mwembamba nyuma ya usukani,
Torkild alinusa hewa, akanitazama.
Nilikuwa na chumvi ya siku tano shingoni,
na sikuwa na deni.