Mizani

Shairi hili halina mizani.
Nimekatazwa kuhesabu.

Jumatatu, Dundee. Theluji imegeuka tope
kwenye kituo cha basi, mbele ya hospitali.
Ndani napanda mizani kinyumenyume,
macho ukutani, kwenye picha ya kondoo,
na muuguzi Catriona anaandika akionacho yeye,
kisha anafunga faili.
Mwanzoni nilimchukia.
Niliitafuta namba kwenye nyusi zake,
kwenye mwendo wa kalamu. Wapi!

Mama ni mwalimu wa fasihi, Tanga.
Alinifundisha kugonga meza kwa kifundo cha kidole:
nane, tua, nane.
"Ikizidi hata silabi moja, futa."
Nami, mtoto msikivu, nikafuta.
Nilifuta chai ya asubuhi, nikafuta wali,
nikajificha ndani ya Ramadhani, hakuna aliyeshuku,
hadi nikabaki vina vitupu.

Saa ya chakula tunaketi meza moja.
Fergus, dereva wa lori, ndevu hadi kifuani,
analia mbele ya kiazi.
Hakuna anayecheka. Kiazi kinapoa.
Catriona anakula mkate wake taratibu,
anatupa habari za paka wake mwenye kisukari.
Baadaye choo hufungwa, tunacheza karata
mpaka hofu ishuke.

Neno la kwanza kunipokonya lilikuwa "nimeshiba."
Kwetu ni adabu; mimi nililifanya komeo.
Siku moja nikamfundisha Catriona maana yake,
sijui kwa nini. Sasa ananiinamia,
kwa Kiswahili chake kinachovingirisha kila konsonanti:
"Umeshiba, au umeogopa?"

Jioni, nikiwa kituoni, Mama anapiga.
"Mwili haujengwi kwa matofali, Salha. Umekula?"
"Nimekula."
"Nini?"
Mkate. Jibini. Tufaha na ganda lake.
Kimya. Halafu nasikia, mbali,
ko, ko, ko, kifundo juu ya meza.
"Mama, usihesabu."
Kinanyamaza.
"Samahani, mwanangu. Ni mkono tu."

Basi limefika. Mfukoni mwa koti
mna kipande cha mkate ndani ya karatasi.
Sikumwambia mtu.
Kesho nitamwonyesha Catriona.
Nikiweza.