Kidato cha Tisa

Ofisi ya Mfuko iko juu ya duka la magodoro,
Arua, barabara inayoteremkia mto Enyau.
Ngazi ina vidato kumi na saba. Cha tisa kimelegea:
ukikikanyaga kinalia kama mbuzi aliyevutwa sikio,
kwa hiyo kila mwombaji huingia ameshtuka kidogo,
nasi tumeshavaa nyuso za kikao.

Sanduku la chuma, funguo tatu.
Mmoja anao Driciru, muuza ufuta.
Mmoja anao Fadhimula, fundi cherehani,
asemaye mfuko hautoboki katikati, hutoboka kwenye mshono.
Wa tatu ninao mimi, Ezati, mwalimu wa hesabu mstaafu,
niliyewachosha watoto miaka thelathini:
onyesha njia, si jibu tu.

Leo maombi ni ishirini na matatu.
Fedha ni ya sita,
sita na nusu tukinywa maji badala ya soda.

Tunasoma kwa sauti.
Hili lina jalada la plastiki na maneno mapana:
uwezeshaji, wadau, mageuzi endelevu.
Natafuta ndani yake mtu mmoja,
hata kuku.
Sioni.

Hili ni karatasi ya daftari, mistari imepinda:
*Pampu yetu inatoa upepo. Tunaomba bomba mbili
na ngozi ya pistoni. Bei tumeuliza kwa mafundi watatu.
Kuchimba tutachimba wenyewe. Candiru.*

Candiru, kwa Kilugbara, ni dhiki.
Mama huyu amelibeba jina hilo tangu kuzaliwa,
na katika ombi zima
hakuitaja dhiki ila kwenye sahihi.

Driciru anagonga meza. Limepita.

Kisha vijana wa upande wa Vurra:
viti hamsini na maikrofoni moja,
ili kila mwezi bajeti ya kata isomwe hadharani.
Kwa hili diwani alinipigia simu usiku.
"Mwalimu, maikrofoni ya nini?
Watu hawa sauti wanazo."
Nikamwambia, "Kweli, mheshimiwa, wanazo.
Hiyo ni ya kwako, tukusikie ukijibu."
Akakata.
Simu yangu haijalia tangu siku hiyo,
wala barabara ya kwangu haijachongwa.

Wamesema haba na haba hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba kikijaa nani agawe,
wala namna ya kumsalimu sokoni
uliyemrudisha na bakuli tupu.
Mimi hununua nyanya kwa watu kumi na saba niliowanyima.
Wananipimia sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma.

Saa kumi, kidato kikalia.
Onzima, wa kikundi cha adungu.
Mwaka jana aliomba nyuzi na ngozi, tukasema hapana,
akashuka bila neno.
Fadhimula akainama kutafuta sindano isiyopotea.

Onzima akaweka bahasha mezani.
"Si ombi," akasema. "Tumepiga harusi nne.
Hii ni ya mtakayempa."
Elfu thelathini na moja na mia nne,
noti zina harufu ya jasho na pilau.

"Lakini tuliwanyima," nikasema.
"Mlitunyima sanduku likiwa wazi," akasema.
"Tulihesabu pamoja nanyi. Haikutosha."

Niliandika stakabadhi. Mkono ulinichezacheza
kama wa mtoto aliyeitwa ubaoni.
Njia ilikuwa imeonyeshwa; jibu nitalitafuta.

Alipokwisha kushuka, nikapendekeza,
chini ya mengineyo,
tununue misumari, kidato kile kitamvunja mtu.
Fadhimula akaunga mkono.
Driciru akafunga sanduku, akatia ufunguo kifuani.
"Msikiguse," akasema.
"Siku kitakaponyamaza
tutajuaje kwamba watu bado wanakuja?"

Tukapiga kura. Mbili kwa moja.
Misumari imenunuliwa.
Bado haijapigiliwa.