Kundi la Maji

Mbarara, saa kumi na mbili asubuhi.
Nawasha taa; harufu ya mkojo na pumba inanipokea.
Kundi la kwanza: maji matupu.
La pili: vidonge vya dukani.
La tatu na la nne: mubirizi,
jani chungu la uani kwa mama,
likakaushwa kivulini, likasagwa, likachujwa,
miligramu mia mbili kwa kila kilo ya mwili.

Mama hakuwahi kupima.
Alifikicha kwa viganja mpaka povu likawa kijani,
akanywa kwa kikombe cha bati, akakunja uso:
"Ikiwa tamu, si dawa."
Sukari yake ikapanda, ikashuka, bila jedwali.

Namshika ukosi panya wa kumi na saba.
Tone la damu mkiani, dogo kama punje ya ulezi.
Kipimo kinalia: kumi na moja nukta mbili.
Mwezi jana ilikuwa ishirini.
Moyo unaruka; mkono unaandika tu,
maana panya mmoja si ushahidi,
asema Dakta Kyarisiima,
na mama mmoja vilevile.

Jumapili nilimweleza yote kwa simu.
Akanyamaza. Nikasikia kuku.
"Na hao wa maji," akauliza,
"kwani wanajua ni maji?"

Leo ni siku ya ishirini na nane.
Makasi yamechemshwa. Vichupa vya maini vina namba tayari.
Nimewabadilishia kundi la kwanza maji,
mapya, ya baridi,
na daftarini hakuna safu ya kuliandika hilo.