Lifti Imepona

Lifti ya jengo letu imepona.
Miezi kumi na minne ilikuwa maiti ndani ya shimo lake,
karatasi mlangoni, wino umefifia,
nasi wa orofa za juu, hapa Łódź, tukaitwa mashujaa
kwa kuwa tu tulikosa njia nyingine.

Nilitoka hospitali mwezi ule ule ilipokufa,
tumbo limekatwa, limebaki kadiri ya ndizi moja,
na Daktari Wieczorek, asiyeinua macho kwenye faili zake,
akaniambia: "Mimi nimekata. Kutembea ni kazi yako."

Ngazi mia moja na kumi na mbili hadi mlangoni pangu.
Siku ya kwanza nilipumzika mara tisa.
Orofa ya tatu nilikaa zaidi,
mgongo ukutani, nikihema kama mashine ya kufulia,
hata Bwana Ksawery akagonga mlango wake kwa ndani, kwa fimbo:
"Kafie kwako, Bożena!"

Mwaka ule mizani ilikuwa shoga yangu.
Kila Ijumaa ilininong'oneza habari njema.
Mia na thelathini na nne. Mia na kumi na tisa. Tisini na nane.
Kiwandani wenzangu wa cherehani walinipunguzia sketi,
wakapeperusha kitambaa kilichobaki kama bendera.
Muuza mkate hakunitambua.
Kesho yake nilirudi, na keshokutwa,
ili asinitambue tena.

Kisha themanini na tatu.
Novemba, themanini na tatu. Februari, themanini na tatu.
Watu wakaizoea sura yangu, wakahamia habari nyingine,
na ni haki yao.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Na mgema aliyeacha kusifiwa, je,
nani atamwamsha alfajiri aukwee mnazi?

Hakuna aliyenitajia ngozi,
inavyoning'inia mikononi
kama shuka iliyosahauliwa kambani na mtu aliyehama.

Na sasa lifti. Ina kioo. Vifungo vyake vina taa ya kijani.
Jumatatu niliipanda na mfuko wa viazi;
nikajiambia, ni kwa ajili ya viazi.
Jumanne sikuwa na viazi.
Jumatano niliingia bila kujiambia kitu.
Usiku dada yangu Halszka akapiga simu:
"Umekwishakonda, wataka nini tena? Keti."
Neno *keti* ni tamu kuliko sukari,
na sukari, siku hizi, hunitoa jasho na kunitetemesha.

Alhamisi ilisimama orofa ya tatu.
Milango ikafunguka: Bwana Ksawery,
ndara miguuni, mfuko wa taka mkononi.
Akanikagua kuanzia viatu.
"Nilidhani umekufa."
"Nipo."
"Saa kumi na moja na nusu huwa unapita. Ndipo naweka birika.
Siku tatu nanywa chai saa za ovyo."
Hakuingia. Milango ikajifunga katikati yetu,
nikabaki na uso wangu kwenye kioo
na orofa nne za kuutazama.

Sikulia. Sikuapa chochote.
Ijumaa asubuhi mizani ilisema themanini na tatu na nusu.
Jioni nikasimama mbele ya taa ile ya kijani,
kidole kimekwishakunjuka,
nikiutafuta ule moyo wa mwaka jana mifukoni
pamoja na funguo.
Nilipata funguo.

Basi nikapanda bila moyo,
kama mtu aendaye kazini kwa viatu vya kuazima.
Goti la kushoto lilinung'unika tangu mwanzo.
Ngazini palinuka kabichi ya mtu na rangi mpya.
Ngazi ya arobaini na nane, orofa ya tatu:
sikuwa na haja ya kupumzika,
nilikanyaga tu kwa kishindo, mara mbili.

Ndani, bomba la maji likafunguliwa.

Zimebaki sitini na nne.